Wapangaji wa Mwimo wa Mlango

Ukitaka kufukuzwa kwenye karakana ya Kipimo, hata kama umekuja kuagiza kabati la arusi, sema tu kwamba mbao ni mbao. Kufukuzwa kwenyewe hakuji mara moja. Kwanza utakalishwa kwenye benchi la randa, ushikishwe vipande vya miti kimoja baada ya kingine kama mwanafunzi aliyechelewa. Nusa hiki: huu mvule, vumbi lake litakupigisha chafya mpaka jioni. Papasa hiki: huu mtiki, una mafuta yake mwilini, ukiupaka gundi ovyo unakucheka. Na hiki ni paini, mwepesi, mtiifu, lakini mchwa wakipata harufu yake wanaitana kwa majina. Mwisho atakutolea vipande viwili vya mkaratusi, vinafanana kama pacha, akuulize ni kipi kitapasuka kikikauka. Ukisema havina tofauti, hapo ndipo unapoonyeshwa mlango.

"Wapita njia wote wanauita mkaratusi," huwaambia. "Mle ndani kuna koo kibao, na kila ukoo una tabia yake."

Jina la Kipimo alibandikwa kwa sababu ya futi yake ya chuma, ambayo haijapata kulala nje ya mfuko wake. Wabaya wake wanasema alipokwenda kuposa aliupima mlango kwa macho kwanza, ndipo akaamkia watu. Wametia chumvi kidogo. Aliamkia, halafu akapima.

Na alipoposa ndipo pa kuanzia. Kipimo alifika kwenye karakana ya fundi mmoja mkongwe, Mungu amrehemu, akiwa na msumeno wa kuazima na shati moja, wazazi hana, ndugu hawamtaki. Yule fundi alimpa kazi. Lakini mke wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi, alimpa kitu ambacho hakikuwemo kwenye mapatano: alimpa sahani. Alimpakulia pamoja na watoto wake, chakula kilekile, kiasi kilekile, na kijana alipojivuta pembeni kula peke yake kwa aibu, alimfuata huko huko pembeni, akainua sahani yake, akairudisha mezani. Kijana akaifuata sahani.

Siku moja msumeno ulimpitia kiganja. Mama Fundi hakupiga kelele. Alimkalisha kwenye ngazi ya mlango wake, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha akanyoosha mkono hadi kwenye mwimo, yaani ile nguzo nene inayosimama upande wa mlango na kushikilia bawaba. Akachomoa kizibo kidogo cha mti, akaingiza ncha ya kijiko, akachota asali nyembamba, yenye uchachu kidogo, akampaka nayo. Kipimo alisahau maumivu akabaki kuduwaa. Alikuwa amekuja kwenye nyumba ambayo nguzo zake zinatoa asali.

Ule mwimo ulikuwa mti mzima usiopasuliwa, na moyo wake ulikuwa umeoza zamani ukaacha mvungu. Mwaka ambao Mama Fundi aliingia nyumba ile akiwa bibi arusi, nyuki wadogo nao waliingia mvunguni. Weusi, wadogo kuliko nzi wa kawaida, hawana mwiba wa kumdunga mtu. Walijenga mrija wa nta, mwembamba kama kidole cha mtoto, ukatokeza kwenye mti usawa wa uso wa mtu, na huo ndio ukawa mlango wao. Asubuhi waliufungua, jioni wakauziba. Mama Fundi naye alifungua wake na kufunga wake. Watoto wake wote walitibiwa kikohozi kwa asali ile, na mumewe alipougua ule ugonjwa uliomchukua, kijiko cha asali ile ndicho kitu cha mwisho alichosema ni kitamu.

Kiganja kikapona. Baadaye Kipimo alipoomba kumwoa binti wa nyumba ile, baba wadogo walinung'unika kwamba kijana mwenyewe kaokotwa akiwa na msumeno usio wake. Mama Fundi aliwasikiliza mpaka wakachoka, ndipo akasema, "Huyu anakula kwangu. Mwenye neno naye aje kwangu." Hawakwenda.

Basi utadhani Kipimo alipiga magoti akashukuru. Hata kidogo. Kipimo ni mtu wa kuongea mchana kutwa kuhusu mtiki, lakini neno asante likifika kooni linageuka msumari. Shukrani zake zilikuwa na miguu minne: alimchongea mama mkwe kiti, stuli, meza, kitanda, kiti kingine. Nyumba ya yule mama ilijaa shukrani mpaka ukipita unagonga goti.

Sasa nyumba yenyewe ikazeeka. Ukuta wa nyuma ulianza kulala, paa likabonyea katikati kama mgongo wa punda, na mchwa wakawa wamekula kenchi, zile mbao zinazobeba paa, mpaka ukigonga zinajibu kama ngoma. Mvua kubwa zilikuwa njiani. Kipimo alijenga chumba nyumbani kwake, ng'ambo ya pili ya mji, chumba kimoja kikubwa kuliko karakana, dari juu kabisa, madirisha mapana pande mbili. Alijipiga kifua mtaa mzima: hakuna mkwe duniani aliyejengewa hivi. Akamleta Mama Fundi kukiona. Mama akasimama katikati, akageuka huku, akageuka kule, sauti yake ikamrudia kutoka ukutani. Akasema ni kizuri. Akaenda zake nyumbani.

Kipimo akamfuata.

"Mama, ukuta ule hauvuki mvua hizi."

"Najua, mwanangu. Nimeishi na fundi, ukuta unaotaka kulala naujua."

"Basi uhamie kwetu."

"Na hawa?" Akaonyesha mrija wa nta kwa kidevu. "Wamenilelea watoto. Wamekuponya mkono. Niondoke, nyumba iwaangukie, mimi nikalale chini ya dari yako? Waondoe hawa wakiwa hai, nami siku hiyohiyo nabeba mto wangu."

Hilo ndilo lililokuwepo, wapwa zangu, na halikuwa jambo dogo. Mvua zingekuja kabla nyuki hawajatoka, yule mama angekuwa chini ya paa lile. Kila mtu alijua. Hata yeye alijua, na hakuwa mtu wa kutishia watu kwa mchezo.

Kipimo akavimba kichwa. "Nyuki tu, mama? Nitawahamisha kwa mkono wangu huu, na wataondoka wakiniimbia."

Akarudi karakana akatengeneza mzinga. Nisiseme uongo, ulikuwa mzinga wa kutia fora. Mninga mtupu, pembe zimeumana bila msumari hata mmoja, kifuniko kinateremka kwa pumzi. Vipimo alivitoa kwenye mizinga aliyowahi kuwatengenezea wafuga nyuki wa sokoni. Ndani akaupaka nta aliyoinunua huko huko, ili wenyeji wapya wajisikie nyumbani. Mkewe, ambaye ni mshonaji na muda mwingi ana pini mdomoni, alimtazama akisugua, akauliza kama amemuuliza mtu yeyote anayejua.

"Niulize nini?" Kipimo alisema. "Nyuki ni nyuki tu."

Mkewe akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Rudia," alisema.

Hakurudia. Alibeba mzinga wake akaondoka.

Aliutundika chini ya upenu wa Mama Fundi, hatua chache kutoka mlangoni. Kisha akawasha majani makavu kwenye kopo, akauelekeza moshi kwenye mrija, akasubiri jeshi litoke lihame. Halikutoka. Waliokuwa ndani waliuziba mrija kwa ulimbo wa miti. Waliokuwa nje wakarudi kutoka kazini, wakamkuta mgeni na kopo lake, wakamwingia. Hawa hawadungi, lakini wanajua kukera: walijisokota kwenye nywele, wakamtambaa kwenye nyusi, mmoja akaingia sikioni akawa anapiga kelele humo kama fundi redio. Huku nyuma Mama Fundi alikuwa anakohoa chumbani. Akauliza kupitia dirishani kama wanaohamishwa ni nyuki au ni yeye.

Kipimo hakukubali kushindwa na kitu kisichofika ukubwa wa punje ya mpunga. Alichukua patasi na nyundo, akagonga ubavu wa mwimo kuwatia hofu. Alichopata ni mrija kuvunjika na kibanzi kirefu kuruka kutoka kwenye mti, ukafunguka ufa, na kwenye ufa asali ikaanza kutiririka taratibu kama machozi. Akaweka vyombo vyake mfukoni. Akasema leo inatosha, sasa wamepata ujumbe, tuwaachie wafikiri.

Siku kadhaa zikapita. Jioni moja akapitia pale akitoka kazini, akasikia mzinga wake unavuma, mzito, umejaa. Moyo ukamruka. Hakusogea kutazama, kwani atazame nini, alikwishajua. Alikwenda moja kwa moja kumwita mama mkwe. Alimtoa jikoni, akamsimamisha mbele ya mzinga, akasafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Nilikwambia wataimba," alisema, akainua kifuniko.

Waliokuwemo walikuwa nyuki, hilo hakukosea. Lakini walikuwa wale wakubwa, wa kahawia, wenye miiba. Walikuwa wanapita angani wakitafuta pa kukaa, wakanusa nta ya jamaa zao ndani ya mninga mzuri usio na mtu, wakaona hii ni bahati iliyoje. Na ndio kwanza walikuwa wanapanga vyombo.

Kipimo alikiona cha mtema kuni. Alikimbia akazunguka nyumba, akapita mbele ya mlango, akazunguka tena, mpaka Mama Fundi, aliyekuwa amekwisha kuingia ndani, akamvuta kwa mkanda wa suruali akafunga. Halafu yule mama akawasha taa, akamkalisha kwenye kimojawapo cha viti vyake mwenyewe, akaanza kumtoa miiba kwa kuikwangua na ukucha, mmoja baada ya mwingine, usoni, shingoni, kwenye masikio. Hakucheka. Wala hakumkemea. Kipimo angetoa jino ili atukanwe.

Asubuhi mambo yakawa mabaya zaidi. Wakubwa walikuwa wamenusa asali ya kwenye ule ufa. Wakapanga foleni, wanaingia watupu wanatoka wameshiba, na wadogo walikuwa mlangoni kwao wakipigana. Hawana silaha ila meno. Mdogo mmoja anamng'ang'ania mkubwa mguuni, wanaanguka wote, na kule chini haachii, anakufa amefunga taya. Kizingiti kilikuwa cheusi kwa maiti. Mama Fundi alikuwa amejifunika mtandio kichwani, ana udongo mbichi mikononi, anaziba ufa ule kwa vidole huku wakubwa wanamzonga. Kipimo alitaka kumsaidia, lakini jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe na jingine lilikuwa njiani. Akachapa mguu kwenda sokoni kwa Mama Asali.

Mama Asali ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa tatu, na anafuga nyuki wa kila namna. Alimtazama Kipimo akija.

"Shemeji," alisema, "leo umekuja na kichwa cha nani?"

Kipimo akamweleza. Alieleza yote, hata patasi. Mama Asali alicheka mpaka akashika meza, wateja wakamshika yeye. Lakini aliposikia habari ya wadogo kufa mlangoni kicheko kilikatika. Akafunga kibanda saa ileile, akachukua chandarua chake cha usoni na kifukizo, wakaondoka.

Njiani alimsomesha, na Kipimo, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, alitembea akisikiliza tu.

"Wale wakubwa wakichoka na nyumba, malkia wao huinuka akaruka na jeshi lake. Ndiyo maana unawatega kwa sanduku tupu, wanaingia. Hawa wadogo siyo hivyo, shemeji. Malkia wao akishaanza kutaga, tumbo linajaa, mbawa hazimbebi tena. Hawezi kuondoka hata akitaka. Anayekwenda kuanza nyumba mpya ni binti, na hata binti haingii nyumba tupu. Kwanza wafanyakazi hubeba nta na asali kwa mama, safari baada ya safari, mpaka kule kupya kuwe na harufu ya nyumbani. Ndipo anakwenda. Wewe ulikuwa unamfukizia moshi mama mzee asiyeweza kutembea, umwambie atoke."

Kipimo alikanyaga jiwe akajikwaa.

"Na mzinga wenyewe," Mama Asali aliendelea, "hata wangeingia, wangekufa kwa baridi. Mkubwa mno. Hawa hupenda nyumba wanayoweza kuijaza. Halafu usije ukadhani hao wadogo nao ni wamoja. Wapo wanaokaa chini ya ardhi. Wapo wa ukutani, wapo wa kwenye miti. Wengine mlango wao kama tarumbeta, wengine tundu tu na walinzi wamekaa. Asali ya huyu chachu, ya huyu tamu, ya huyu ina harufu ya majani. Mimi nimewafuga maisha yangu yote na bado wapo walioko ukutani kwangu nisiowajua."

Mtu mwingine angeona aibu. Kipimo aliona aibu pia, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinamfurahisha bila yeye kutaka. Ilikuwa kama kugundua karakana ya pili ambayo hakuwahi kuingia, na humo ndani vipande vyote havijanuswa.

Jioni Mama Asali aliwatuliza wakubwa, akaufunga mzinga, akaubeba kichwani pamoja na waliomo. Alisema mzinga mzuri kama huu haurudi, na anashukuru kwa zawadi. Kipimo alimezea mate mninga wake ukiondoka, kisha akajikuta anasema, "Nenda nao. Umetuokoa." Hilo peke yake lilikuwa ajabu. Mama Fundi aligeuka kumtazama.

Vita vikaisha. Wadogo waliobaki walianza kubandika nta kwenye ufa, juu ya udongo wa Mama Fundi. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa umesogea tena, na mawingu yalianza kukusanyika kila alasiri.

Kipimo alikwenda kwake akasimama ndani ya kile chumba kikubwa. Akaita jina la mama mkwe kwa sauti, na sauti ikamrudia kutoka ukutani, na safari hii aliisikia. Kesho yake alirudi kwa Mama Fundi na futi yake, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ya kuchonga: alimpima mtu. Alimwomba aamke kitandani kama anavyoamka, atembee mpaka mlangoni. Akapima. Amwonyeshe mkono wake unafika wapi anapotafuta taa gizani. Akapima. Jua linampiga upande gani anapokaa kushona vifungo. Mama Fundi akauliza kama anatengenezewa jeneza.

"Hapana, mama. Natengeneza kitu unachoweza kukijaza."

Akarudi akakikata kile chumba katikati kwa ukuta wa mbao, akashusha dari, akaziba madirisha akaacha moja la upande wa jua la asubuhi. Mkewe alishona mapazia. Na mlangoni, upande wa bawaba, akaacha nafasi tupu yenye kimo na unene wa nguzo nzima.

Kwa sababu hakuwa na nia tena ya kumtoa mtu yeyote ndani ya nyumba yake. Alikuwa anakwenda kuileta nyumba.

Jua lilipozama na wadogo wote wamerudi, Mama Asali aliziba mlango wao kwa kipande cha chandarua. Alishatoa sharti moja: mti usilazwe. Mayai yao yanaelea juu ya chakula ndani ya vyumba vidogo vya nta; ukiulaza mti, yanazama, na ukoo umekwisha. Kipimo akasimamisha magogo ya kushikilia linta, ile boriti ya juu ya mlango, akayabana kwa kabari, ndipo akachukua msumeno. Mtu ambaye hupasua ubao huku anapiga mluzi, siku hiyo alikata kama anayekata yai bichi. Anavuta, anasubiri. Anavuta, anaweka sikio kwenye mti, anasikiliza mvumo wa ndani, anasubiri.

Unga wa mbao ulipomwangukia kiganjani aliunusa, kwa mazoea. Akanusa tena. Akalamba kidogo. Mama Fundi, aliyekuwa ameshika taa, akamwona uso wake.

"Mti gani huu?" Kipimo aliuliza.

"Marehemu naye hakuujua. Alisema tu ni mti mwema."

Wakaufunga wima kwenye mkokoteni, wakaukaza kwa mablanketi na kamba. Mkewe na Mama Asali walivuta. Kipimo alitembea ubavuni ameukumbatia ule mwimo kwa mikono miwili, shavu limegusa mti, kama mtu anayemsindikiza rafiki aliyelewa. Kila penye shimo barabarani alisema taratibu, taratibu, na hakuna aliyejua kama anawaambia wavutaji au waliomo. Nyuma yao Mama Fundi alikuja na mto wake kwapani. Wenye maduka waliokuwa wanafunga walitoka nje. Mmoja akauliza huyo ni mgonjwa gani asiyeruhusiwa kulazwa.

"Mama mkwe wangu wa pili," Kipimo alijibu, na hakutania.

Mwimo uliingia kwenye nafasi yake bila kuhitaji hata kibanzi cha kujazia. Hapo angeweza kujisifu, na nawahakikishia ilimwasha, lakini alichukua bisibisi akafunga bawaba.

Mama Fundi alitangaza kwamba analala pale usiku huo tu, kuwaangalia wageni. Asubuhi chandarua kikatolewa. Hakutoka mtu. Aliweka stuli karibu na mwimo akakaa, akaahirisha kurudi kwake. Siku ya pili vilevile kimya. Ukiweka sikio kwenye mti ulisikia mvumo, lakini mwembamba, kama wa mtu anayesitasita kusema. Kipimo hakwenda karakana. Alipita pale mlangoni kila mara na visingizio: mara anatafuta penseli, nayo iko sikioni mwake, mara anakagua bawaba aliyoifunga mwenyewe. Alikuwa anajua kwamba wakifa, yule mama atabeba mto wake arudi chini ya lile paa, na hakutakuwa na neno la kumzuia.

Alasiri mvua ikapiga. Ilipiga mfululizo mpaka giza likaingia, na watu wa mtaa ule wa zamani walikuja kesho yake kusimulia kwamba ukuta wa nyuma ulilala wote kwa pamoja, polepole, na paa likauinamia, kitanda cha kule ndani hakionekani. Mama Fundi aliwasikiliza. Aliwaambia ahsanteni kwa habari. Kisha akauchukua mto wake akaukumbatia, na binti yake akaja akakaa karibu naye bila kuuliza.

Asubuhi hiyohiyo manyunyu ya mwisho yalipokatika, jua likaingia kwa lile dirisha moja. Mama Fundi ndiye aliyeona kwanza. Mmoja alikuwa ametoka kwenye tundu. Alisimama ukingoni, akajipangusa macho kwa miguu ya mbele. Akaruka, lakini hakwenda mbali. Aligeuka akautazama mlango, akayumba kulia na kushoto mbele yake kama mtu anayesoma namba ya nyumba ili asije akaipoteza, akapanda juu kidogo, akautazama tena, ndipo akaondoka. Akatoka wa pili. Halafu wakatoka wengi. Kufika adhuhuri walikuwa wanarudi na vijimzigo vya manjano miguuni, na pale kwenye tundu kulikuwa na duara jipya la nta, laini, ndio kwanza linaanza kuwa mrija.

Kipimo alikuwa amesimama nyuma ya stuli. Uvimbe ulikuwa umeisha, macho yake yote mawili yalikuwa wazi na yote mawili yalikuwa na maji. Akasafisha koo. Akasafisha tena.

"Mama."

"Naam."

"Asante. Siyo ya hawa. Ya tangu mwanzo. Ya ile sahani."

Mama Fundi hakugeuka. Alimwangalia nyuki mmoja akiingia, mwingine akitoka.

"Mimi ndiye wa kushukuru," alisema. "Umenileta na hukunihamisha." Halafu akanyoosha mkono kuelekea ukutani, juu kidogo ya kitanda. "Sasa nipigie msumari pale, nina mtandio umelowa."

Kipimo akaenda kuchukua nyundo. Alipiga pigo moja dogo, akasimama akageuza shingo kuutazama mwimo, akasikiliza kama wamekasirika. Akapiga jingine. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kutandika kitanda na kuweka mto wake mahali pake.